Carl Czerny (1791–1857): Mwalimu wa Vidole Vinavyokwama



Ndugu msomaji, leo tunakuletea maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya vitabu vingi vya mazoezi ya piano duniani, lakini wengi wanaovitumia hawajui alikuwa nani. Ni Carl Czerny, na jina lake hutamkwa Cherni. Tumemchagua kwa ajili ya wapiga vinanda wa kwaya zetu, wawe majandokasisi au waamini wa parokiani. Kwa namna ya pekee tunawafikiria vijana wa Tandale na mitaa jirani ya Manzese, Mwananyamala na Magomeni, ambao hujifunza kwa zamu kwenye kinanda kimoja cha kanisa, kila mmoja na dakika zake chache kabla mwenzake hajafika au umeme haujakatika.

Kijana wa namna hiyo tunamfahamu sote. Anapiga kipande vizuri mpaka anapofika mahali fulani, na kila siku ni palepale: vidole vinagongana, mkono unasita, sauti inakatika. Anarudi mwanzo, anapiga tena kwa kasi, anakwama tena. Baada ya wiki kadhaa anaanza kujiambia kwamba hana kipaji. Wengine huacha kabisa, na kwaya inabaki ikisubiri mtu wa kuazima kutoka parokia nyingine kila Dominika. Czerny alitumia karibu maisha yake yote kushughulikia mahali hapo pa kukwama, ndiyo maana tunaona inafaa tumfahamu.

KUZALIWA NA MALEZI

Carl Czerny alizaliwa tarehe 21 Februari 1791 katika eneo la Leopoldstadt, mjini Vienna, Austria, akabatizwa katika parokia ya Mtakatifu Leopoldo. Wazazi wake walikuwa na asili ya nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, na nyumbani walizungumza Kicheki. Baba yake, Wenzel, alikuwa mpiga piano na ogani, akapiga pia obo, ambayo ni aina ya zumari. Familia iliishi kwa kutegemea ada ndogo za masomo ya muziki. Carl alipokuwa na miezi sita tu, baba alipata kazi ya kufundisha piano katika nyumba ya tajiri mmoja huko Poland, na familia ikarudi Vienna mwaka 1795.

Mtoto huyu hakuwa na kaka wala dada. Alikulia kando ya piano ya baba yake, na wazazi walimlinda sana hata akawa na marafiki wachache wa rika lake. Alianza kupiga piano akiwa na miaka 3 na kutunga akiwa na miaka 7. Mwaka 1800 alipiga mbele ya watu koncheto ya Mozart ya C ndogo. Kwa macho ya watu, hapo palikuwa na mtoto wa ajabu ambaye hakubakiwa na mengi ya kufundishwa.

MBELE YA BEETHOVEN

Alipokuwa na miaka kama kumi, rafiki wa familia aliyepiga fidla, Wenzel Krumpholz, alimpeleka yeye na baba yake kwa Ludwig van Beethoven. Mtoto aliingia katika chumba kilichovurugika, akaketi kwenye piano, akaanza koncheto ya Mozart ya C kubwa. Beethoven alisogea, akaanza kupiga kwa mkono wa kushoto sauti ambazo zingepigwa na okestra. Kisha Carl akapiga sonata ya Beethoven mwenyewe iitwayo Pathétique, ambayo wakati huo ilikuwa bado mpya. Beethoven alikubali kumfundisha.

Tungetegemea kwamba mwalimu mkubwa namna ile angempa mtoto vipande vigumu zaidi. Hakufanya hivyo. Masomo ya kwanza yalikuwa skeli katika funguo zote za muziki, pamoja na namna ya kuweka mikono, kukunja vidole na, zaidi ya yote, kutumia kidole gumba. Aliagiza pia mtoto aletewe kitabu cha mafundisho cha Carl Philipp Emanuel Bach, mtoto wa Johann Sebastian Bach. Baada ya hapo akamfundisha kuunganisha sauti, ili nota moja ishikane na inayofuata kama mtu anayeimba bila kukata pumzi.

Kwa nini kidole gumba? Mkono una vidole vitano, lakini skeli moja ina nota nane. Lazima gumba lipite chini ya vidole vingine ili mkono uendelee mbele. Likichelewa, mkono wote unaruka, kiwiko kinainuka na sauti inakatika. Mpiga kinanda husema kwamba mstari ule ni mgumu, kumbe kilichochelewa ni kidole kimoja. Mtoto aliyeweza kupiga Pathétique alirudishwa kwenye jambo hilo dogo, naye akakubali.

Masomo hayo hayakudumu. Ilimlazimu baba kumsindikiza mtoto, na kila saa aliyotumia njiani ilikuwa saa ya kukosa ada ya wanafunzi wake. Hata hivyo alichokipata kilimtosha Carl kujenga juu yake maisha yake yote.

KUACHA JUKWAA

Carl alikuwa na kumbukumbu ya pekee. Akiwa kijana wa miaka 13 hivi, alikuwa akienda kwa mheshimiwa Lichnowsky, mfadhili wa Beethoven, ambaye alitaja tu namba ya kazi ya Beethoven na kijana akaipiga bila karatasi. Mwaka 1805 Beethoven alimwandikia barua ya kumpendekeza kwa safari ya maonyesho. Lakini mwaka huohuo majeshi ya Napoleon yaliingia Vienna, hali ikawa ngumu, na safari ikaahirishwa isifanyike tena. Czerny mwenyewe alijipima akaona kwamba upigaji wake hauna ule mng'aro wa kuwashangaza watu ukumbini. Akachagua kufundisha.

Alianza akiwa na miaka 15, na kwa miaka mingi alifundisha vipindi kumi na moja au kumi na viwili kila siku, tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, mpaka alipoacha kufundisha mwaka 1836. Jukwaani alipanda mara chache. Iliyo maarufu zaidi ni ya Februari 1812, alipokuwa wa kwanza kupiga mjini Vienna koncheto ya tano ya Beethoven, wakati uziwi ulikuwa umemzuia mtunzi mwenyewe kuipiga.

Tusiipite haraka habari hii. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kusikilizwa na ukumbi mzima aliamua kukaa pembeni ya kiti cha mwingine, akisikiliza kosa lilelile la kidole gumba mara kumi na mbili kwa siku. Tunaweza kuuita wito.

FUNDISHO LA MWAKA 1816

Hata mwalimu alihitaji kurekebishwa. Mwaka 1816 Czerny alipiga hadharani kazi ya Beethoven ya piano na ala nne za kupuliza. Kwa furaha ya ujana akaongeza mapambo: akafanya mistari kuwa migumu kuliko ilivyoandikwa na kuipeleka juu zaidi ya alipoandika mtunzi. Beethoven alikuwapo, na alimkemea mbele ya wapigaji wenzake. Siku iliyofuata alimwandikia barua ya kumwomba radhi kwa ukali ule, lakini akamweleza kwamba mtunzi hupenda kusikia kazi yake jinsi alivyoiandika. Czerny alikiri baadaye kwamba barua ile ilimponya tabia hiyo kuliko maonyo mengine yote.

Tunadhani wapiga vinanda wa kanisani wanaielewa habari hii vizuri. Mara nyingi tunaongeza madoido mahali ambapo hatujapaweza. Nota zilizoandikwa zikitushinda, tunazifunika kwa kodi nzito, midundo ya mashine na kelele za juu, na waamini wasiojua husifu. Ugumu unabaki palepale chini ya mapambo.

Muda mfupi baadaye Beethoven alimkabidhi mpwa wake, Karl, amfundishe piano. Mwaka 1817 alimwandikia Czerny ushauri ambao walimu wengi wa kwaya wangefaidika nao. Alimtaka kwanza ahakikishe vidole vya mtoto, mwendo na nota viko sawa. Vikishakuwa sawa, amwache apige mpaka mwisho bila kumkatiza kwa makosa madogo, kisha amwonyeshe makosa hayo baada ya kumaliza. Mwanafunzi anayekatizwa kila mara hajifunzi kamwe kufika mwisho wa wimbo, na katika Misa wimbo haurudiwi kwa sababu mpiga kinanda amekosea.

MTOTO AITWAYE LISZT

Mwaka 1819 bwana mmoja kutoka Hungaria, Adam Liszt, alimleta kwa Czerny mwanawe Franz wa miaka minane. Mtoto alikuwa mwembamba, amepauka, akiyumba kwenye kiti kama mlevi. Vidole alivirusha ovyo juu ya vibonye bila mpangilio wowote. Pamoja na hayo, Czerny aliona kwamba Mungu amemjalia mtoto yule kipaji kisicho cha kawaida. Familia ilipohamia Vienna miaka michache baadaye, mtoto alikuwa akija kwa Czerny karibu kila jioni.

Czerny alimfanyia kama alivyofanyiwa yeye na Beethoven. Alimrudisha kwenye skeli zote. Alimpa sonata za Clementi, ambazo humlazimisha mpigaji kuwa msafi na kushika mwendo. Alimzoeza kusoma nota papo kwa papo. Mtoto aliyekuwa amezoea kupiga anavyotaka hakufurahishwa mwanzoni. Lakini tarehe 1 Desemba 1822 Franz Liszt alipiga mbele ya watu wa Vienna, na mji mzima ukamzungumzia. Mwaka uliofuata baba yake alimwondoa aende kwenye maonyesho ya nje, jambo ambalo Czerny aliliona ni la mapema mno. Kwa masomo yale yote Czerny hakutaka malipo.

Liszt hakumsahau. Mwaka 1852 alichapisha katika umbo la mwisho mazoezi yake kumi na mawili, ambayo hadi leo ni kati ya vipande vigumu kabisa vya piano, akayatabaruku kwa Czerny. Yeye naye, alipokuwa mzee na maarufu, aliwafundisha vijana waliomjia bila kuwatoza fedha. Mwaka 1865, miaka minane baada ya mwalimu wake kufariki, alipokea madaraja madogo mjini Roma, akaitwa Abbé Liszt, na alitunga muziki mwingi wa Kanisa.

Mwanafunzi mwingine wa Czerny, Theodor Leschetizky, akawa mwalimu wa kizazi kilichofuata. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Ignacy Paderewski, mpiga piano ambaye mwaka 1919 alikuwa Waziri Mkuu wa Poland.

VITABU VYAKE

Usiku, baada ya wanafunzi kuondoka, Czerny aliandika. Namba za kazi zake zinafika 861. Alitunga Misa, simfoni na sonata, lakini zilizoenea ni kazi za mazoezi. Namba 599 ni mazoezi mia moja kwa wanaoanza. Namba 299 ni arobaini za kujenga kasi. Namba 740 ni hamsini za ufundi wa vidole kwa waliokomaa. Namba 821 ni mazoezi 160, na kila moja lina vipimo vinane tu, yaani vile vyumba vidogo vinavyotengwa na mistari ya wima kwenye karatasi ya nota.

Hivyo vipimo vinane vinaonyesha fikra yake yote. Czerny aliona kwamba kipande kirefu si kigumu chote. Ugumu umekaa mahali padogo, nao una jina: gumba linalochelewa, kidole cha nne kilicho dhaifu, mkono wa kushoto unaorukaruka, nota mbili zinazopaswa kulia pamoja lakini hazilii. Akaupa kila ugumu wimbo wake mfupi, ili mwanafunzi akutane nao peke yake, bila vurugu ya vitu vingine.

Wapo waliomkosoa. Mtunzi Robert Schumann aliona kazi zake hazina ubunifu, na wengi hadi leo husema mazoezi yake ni makavu. Lawama hiyo ina ukweli. Anayepiga mazoezi ya vidole peke yake mwaka mzima, bila kupiga muziki, huishia kuwa kama mashine. Lakini Czerny hakuyaandika yawe mwisho wa safari. Kwa miaka kadhaa, tangu 1816, alikusanya wanafunzi nyumbani kwake kila wiki, wakapiga muziki wa Beethoven.

CZERNY AKIFIKA TANDALE

Mtu atasema haya ni mambo ya Vienna, na Tandale hakuna piano. Tufikiri kidogo. Piano zilizokuwa za kawaida Vienna alipokuwa mtoto zilikuwa na vibonye 61, idadi ileile ya vinanda vingi vya umeme vya makanisa yetu, ingawa havianzii nota moja. Na vibonye vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya piano ya leo. Kinanda chetu kidogo basi si kisingizio kikubwa kama tunavyodhani.

Tuchukue mifano. Sonata ya Mozart ya C, K. 545, inaanza kwa upole, kisha kwenye kipimo cha tano mkono wa kulia unaanza kupanda na kushuka skeli, na kila kipimo kinaanzia nota iliyo chini ya ile ya kwanza. Wengi hukwama hapo kwa sababu kila siku hutumia vidole tofauti. Dawa ni kuandika kwa penseli namba za vidole, gumba likiwa 1 na kidole kidogo 5, kisha kutozibadilisha. Vidole vina kumbukumbu, lakini havikumbuki kitu kinachobadilika kila jioni.

Katika Für Elise ya Beethoven, karibu kila mtu hupiga mwanzo haraka kwa sababu ni rahisi, kisha inapokuja sehemu ya F yenye nota ndogo za kasi, anapunguza mwendo ghafla. Hapa kanuni ni moja: mwendo wa kipande huamuliwa na mahali pagumu kuliko pote. Anza na hapo. Tafuta kasi ambayo unapaweza bila kosa, hata ikiwa ni ya konokono, kisha piga kipande kizima kwa kasi hiyo. Metronomu inapatikana kama programu kwenye simu, na inasaidia kuongeza mwendo kidogokidogo. Kasi alizoandika Czerny mwenyewe kwenye vitabu vyake ni kubwa mno, kwa hiyo asianze nazo mtu.

Kwa Haleluya ya Händel, ambayo kwaya zetu huipenda Noeli na Pasaka, mpiga kinanda hujaribu kubeba sauti zote nne kwa mara moja na kuzama. Apige kwanza mkono wa kushoto peke yake mpaka aweze kuuimba, kisha wa kulia peke yake, kisha vipimo viwili tu kwa mikono miwili, ndipo aongeze viwili vingine. Akikosea, asirudi ukurasa wa kwanza, bali arudi kipimo kimoja kabla ya kosa. Kurudi mwanzo kila mara hufanya mwanzo uwe mzuri sana na mahali pagumu pabaki pagumu.

Na dakika zikiwa chache? Dakika kumi na tano juu ya vipimo vinne zina faida kuliko saa nzima ya kupita juu juu. Umeme ukikatika, vidole vinaweza kuzoezwa mezani, polepole, huku mpigaji akiimba solfa kwa sauti ndogo. Hilo pia linawafaa majirani wa Tandale, ambako nyumba zimebanana na zoezi moja likirudiwa mara thelathini linasikika kwa watu wengi.

MWISHO WA SAFARI

Czerny hakuoa. Aliishi na wazazi wake akiwatunza hadi kifo chao, mama mwaka 1827 na baba mwaka 1832. Mwaka huohuo wa 1827 alikuwa miongoni mwa waliobeba mienge katika mazishi ya Beethoven. Kwa kazi ya mikono yake alipata mali nyingi. Alifariki Vienna tarehe 15 Julai 1857, akiwa na miaka 66. Katika wosia wake alitenga fedha kwa ajili ya Misa ya kumwombea baada ya kufa. Mali iliyobaki aliwaachia mtumishi wake wa nyumbani, chama cha wapenzi wa muziki cha Vienna na kazi za huruma, mojawapo ikiwa taasisi ya viziwi. Tunapokumbuka kwamba mwalimu wake mpendwa alikuwa kiziwi, zawadi hiyo inagusa moyo.

Ndugu msomaji, wanaomjua Liszt ni wengi kuliko wanaomjua aliyekaa pembeni ya kiti chake jioni baada ya jioni. Kama wewe ni mwalimu wa kwaya na una kijana anayekwama, usimwambie hana kipaji. Kaa pembeni yake, mwonyeshe vipimo viwili vinavyomshinda, na jaribuni kujua ni kidole gani kinachelewa. Na kama wewe ndiye kijana huyo, leo jioni zamu yako ikifika, usianzie mwanzo wa wimbo. Fungua ukurasa wenye mahali pale.

Raha ya milele umpe ee Bwana mtumishi wako Carl, na wote waliotufundisha muziki wakatangulia mbele ya haki. Amina.